UZI: Kusi limeingia. Kabla hujaingia majini, tazama upepo unaelekea wapi

#1 Joshini_na_Demani

Assalamu alaikum jamaa wote wa humu.

Mimi ni msomaji wa kimya siku zote. Leo naandika kwa sababu wiki mbili zilizopita nusura tumpoteze mtoto wa dada yangu. Tulikuwa watu wazima sita ufukweni, wote wazawa wa pwani, na sote tulikuwa tunaitazama bahari ile ile bila kuona kitu.

Ilikuwa Jumamosi, Kendwa, kaskazini mwa Unguja. Wanaoijua wanajua kwa nini watu wa likizo wanaipenda: mchanga mweupe, na maji hayapwi mbali kama Paje au Jambiani. Kusi lilikuwa linavuma hasa, minazi nyuma yetu imelala upande mmoja, lakini maji ya mbele yetu yalikuwa kama sinia. Hakuna wimbi la kumlowesha mtoto magoti. Mpwa wangu ana miaka 14 na anaogelea vizuri. Akakodi ule ubao wa kusimama na kasia. Aliyemkodisha hakumpa jaketi okozi wala kamba ya kufunga kifundo cha mguu, na mimi niliyefanya kazi miaka kumi na moja kwenye boti za snokeli (kuogelea na miwani na bomba la kupumulia) sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mita hamsini za mwanzo upepo huusikii. Miti, majengo na mwinuko wa nchi vinaukinga. Ukishavuka hapo unakukuta mgongoni. Kijana alikuwa amesimama wima, basi mwili wake ukawa tanga. Alipogeuza ubao ili arudi, kila akivuta kasia moja mbele upepo unamrudisha nyuma mara mbili. Sisi huku tunampungia mikono tukidhani anafurahi. Yeye naye alikuwa anapunga, ila alikuwa anatuita. Baada ya kama dakika ishirini alikuwa nukta.

Waliomchukua ni wavuvi waliokuwa wanatoka Nungwi saa kumi na nusu jioni kwenda kuvua usiku. Walimkuta amelala kifudifudi juu ya ubao, ameukumbatia kwa mikono miwili, kasia lilishakwenda zamani. Nahodha alimzunguka, akamjia kutokea demani (upande upepo unakoelekea), akashusha tanga, kijana mmoja akamdaka kwa mkono wa fulana. Walipomleta nchi kavu midomo ilikuwa inatetemeka hawezi kusema jina lake. Yule nahodha, mtu mzima, hakutugombeza. Alisema tu: "Mjomba, hapa wakati wa kusi maji yametulia kwa sababu upepo unatoka kwenu. Mawimbi yako kule unakokupeleka."

Ndiyo maana ya uzi huu. Tumezoea kuiogopa bahari iliyochafuka, na hiyo watu hawaingii. Ile iliyotulia chini ya upepo wa nchi kavu ndiyo inayowachukua watu.

Kwa asiyejua majira yetu: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hivi mpaka Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki, likishika kuanzia Mei au Juni mpaka Septemba. Katikati yake ndipo penye masika na vuli, na matlai ya Oktoba na Novemba ambapo bahari hulala. Sasa chukua ramani ya Unguja. Pepo zote mbili zina "mashariki" ndani yake. Maana yake ni kwamba Paje, Jambiani na Matemwe upepo unakuja kutoka baharini au unapita ubavuni, ukiharibikiwa unakurudisha ufukweni. Kendwa, Bububu, Mbweni na Mji Mkongwe ni kinyume: upepo unakutoa nchini, kwenda kwenye mkondo mkubwa, na ng'ambo ya pili ni Bara.

Kipimo changu siku hizi ni rahisi. Nikifika ufukweni naokota mchanga mkavu au nashika ncha ya kanga, naachia. Ukipeperukia majini, hakuna boya la upepo, hakuna ubao, hakuna kayaki kwa asiyejua kubisha (kwenda kinyume cha upepo). Kuogelea kifuani mwa maji, ruhusa.

Nitaendelea na habari ya maji kupwa na kujaa. Kwanza nataka kusikia na wengine.

#2 ShangaziWaTemeke

Pole sana kaka, na mshukuru Mungu. Mimi nina watoto wanne nyumbani, wawili wangu na wawili wa marehemu mdogo wangu, na kila sikukuu ni "Shangazi twende Coco". Sasa kwa Dar hiyo hesabu yako ya upepo inakaaje? Na vile visiwa, Mbudya na Bongoyo, nao vipi?

#3 Joshini_na_Demani

Ahsante shangazi.

Pwani ya Dar inatazama mashariki, kwa hiyo kusi linakuletea mawimbi, halikutoi. Hatari yake ni nyingine. Coco ina mchanga lakini ina na mawe ya mwamba. Maji yakijaa siku za bamvua (yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine) na upepo nao unasukuma, wimbi linampiga mtu kwenye mawe, kisha maji yanayorudi baharini yanamvuta miguu. Mtoto haangushwi na kina, anaangushwa na yale maji yanayorudi. Kama ni lazima kwenda Coco, angalia ratiba ya maji, nenda yakiwa yanapwa au yamepwa, na wewe simama upande wa baharini, watoto wawe kati yako na nchi kavu. Wazazi wengi hukaa kwenye mkeka nyuma, na ukikaa nyuma huwahi.

Mbudya watu hushukia upande unaotazama Bara, kisiwa chenyewe kinakinga mawimbi. Tatizo ni safari. Asubuhi mara nyingi pametulia, mchana upepo unaongezeka, na kurudi saa kumi na moja kunakuwa kulowana na kurushwa. Nenda mapema, rudi mapema. Na kabla hujapanda hesabu majaketi, usihesabu viti.

#4 Diani_Kaskazi

Mambo ya huku Kenya nayo ni hayo hayo. Mimi niko Diani, naendesha kaiti (ubao wa majini unaovutwa na tiara kubwa), nafunza pia. Nikiongezea kitu kwa wale wanaokuja kujifunza kaiti Paje ama Diani: upepo wa majira si shida, kwa sababu unauona na unaupima asubuhi. Shida ni wingu.

Nieleze. Unapokuwa ndani na unaona wingu zito jeusi limeshuka chini yake kama pazia la mvua, hata kama liko mbali, shusha kaiti na ufike nchi kavu. Usingoje mvua. Kabla ya mvua kuna baridi ya ghafla, jua likiwa bado linakuwakia, halafu upepo unakufa kidogo. Wanafunzi wengi hapo ndipo husema "afadhali umepungua". Dakika chache baadaye upepo unarudi umegeuka upande na umeongezeka maradufu, na kaiti ya mita za mraba 12 iliyokuwa inakuvuta vizuri sasa inakunyanyua. Nimemwona mtu akitolewa majini akapelekwa mpaka juu ya ua wa hoteli. Aliishi, lakini nyonga haikurudi kuwa ile ya zamani. Hakuvuta ile kamba ya usalama inayoifisha kaiti, kwa sababu hakuwahi kuivuta hata siku moja akiwa mazoezini. Kwa hivyo mimi mwanafunzi wangu siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, anaivuta mara kumi mchangani akiwa amefumba macho.

Na Diani kaskazi ndiyo tamu. Kusi huku linaleta mwani mwingi, unajisokota kwenye kamba na kwenye miguu.

#5 Mzawa_wa_Kilwa

Kwa heshima zote, hizi habari za jaketi na mchanga wa kupeperusha ni za wageni. Sisi tumezaliwa ndani ya maji. Babu yangu alivua miaka hamsini hajavaa boya hata siku moja na akafa kitandani.

#6 Joshini_na_Demani

Kaka, babu yako namheshimu bila kumjua. Lakini angalia alichokuwa nacho. Alijua nyota, alijua siku ya mwezi bila kalenda, alikuwa na wenzake ndani ya chombo, na akiona dalili mbaya hashushi chombo majini. Huyo hakuhitaji mtu wa kumpeperushia mchanga, mwenyewe alikuwa anausikia upepo kwa sikio. Mjukuu wake anayekuja likizo siku tatu, amekodi ubao kwa saa moja, ana nini katika hivyo?

Na hata wenye vyombo vikubwa, kusi halijawabagua. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar kuja Unguja, mchana kweupe, bahari imechafuka. Sisi wa Mjini tunaikumbuka siku ile. Wazee walisema bahari haishi zinge, na walikuwa wanawaambia watu wa pwani wenyewe.

Mpwa wangu anaogelea kuliko mimi. Kuogelea hakukumsaidia kitu pale. Kilichomsaidia ni kile kilichokuwa kinaelea chini yake.

#7 BinTumbatu

Kaka Joshini umesema neno. Naomba niongeze kwa upande wetu wanawake.

Nafundisha wasichana wa skuli kuogelea, saa za maji kujaa, pale ambapo hata akisimama maji yako kifuani. Wengi wanakuja na nguo zao za kawaida na hiyo si dhambi, hakuna haja ya mtu kuvua stara yake ili awe salama. Ila lazima ajue nguo inafanyaje. Buibui na kanga ndani ya maji hazikuzamishi kwa uzito kama watu wanavyodhani. Zinakufunga. Zinajizungusha mapajani, teke halitoki, mkono haunyanyuki. Na ukitaka kutoka majini, hapo ndipo uzito unapokuja, maana nguo imebeba maji. Suruali ya kubana na fulana ndefu ya mikono, kitambaa cha nailoni kisichonyonya maji, na mtandio uliofungwa nyuma, unaogelea nusu saa bila tabu. Mafundi wetu wa hapa wanashona, haina haja ya kuagiza.

La pili: mimi sianzi na kuogelea. Naanza na kuelea chali. Wiki nzima, kuelea tu. Masikio yaingie majini, kidevu juu, kifua kimejaa pumzi, mikono wazi. Msichana mwenye umri wa miaka kumi na mbili aliniambia aliposikia masikio yake yameingia majini alisikia moyo wake unapiga, akaogopa, halafu akauzoea. Siku atakayochukuliwa na mkondo atakuwa na mahali pa kupumzikia. Anayejua kupiga mikono tu bila kuelea anachoka dakika tano, kisha basi.

#8 Msukuma_wa_Ziwani

Watu wa chumvi mmejisahau kwamba na sisi tuna maji. Niko Mwanza.

Huku hakuna kupwa wala kujaa, ndiyo maana watu hudhani ziwa ni bwawa kubwa. Ziwa Victoria lina dhoruba za radi nyingi kuliko mnavyofikiri, na tabia yake ni tofauti na nchi kavu. Nchi kavu mvua ya radi huja mchana au jioni, joto likishapanda. Ziwani, usiku nchi hupoa haraka na maji yanabaki na joto, upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati, hewa inapanda, na mawingu yanajengeka usiku kucha mpaka alfajiri. Kwa hiyo wale wanaotoka saa kumi na moja alfajiri na kayaki ili wapige picha jua likichomoza nyuma ya mawe, mnatoka wakati mbaya kabisa. Mimi hutoka saa tatu asubuhi, baada ya kuona mbingu zimesafishika.

Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama, hayana mapumziko kati yake. Kayaki inayopanda vizuri wimbi refu la bahari huku inajaa maji. Na maji baridi, namaanisha yasiyo na chumvi, yanakubeba kidogo kuliko ya bahari. Mtu wa pwani aliyezoea kuelea bila jasho huku anashangaa miguu inazama.

Radi: ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Lakini kwa kweli usijisumbue na hesabu. Ukisikia ngurumo tu, uko tayari ndani ya eneo lake. Toka majini, usisimame chini ya mti wala kwenye jiwe refu la juu, ingia kwenye nyumba au gari, na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Nimewahi kukosana na marafiki kwa hizo dakika 30. Bado tunaogelea pamoja.

Na msisahau kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Hilo lina uzi wake.

#9 Mpemba_Bristol

Salamu kutoka Uingereza. Naomba nichangie kwa ajili ya vijana wetu walioko Ulaya, kwa sababu kila kiangazi tunazika.

Likija wimbi la joto huku, hewa nyuzi 30, vijana wanaruka mtoni au kwenye mabwawa ya machimbo. Hewa ni ya Unguja, lakini maji ni nyuzi 12 au 14. Ukiingia ghafla, mwili unavuta pumzi yenyewe kwa nguvu, huwezi kuizuia, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Moyo unakwenda mbio. Mtu aliyekuwa bingwa wa kuogelea Wete anazama mita tano kutoka ukingoni, wenzake wanadhani anatania. Waokoaji wa kujitolea wa RNLI, ambao wapo tangu 1824, wanafundisha kitu kile kile alichosema Bin Tumbatu: elea kwanza. Chali, masikio majini, tulia kama dakika moja mpaka pumzi irudi, ndipo uite au uogelee. Hapa simu ni 999: ukiwa pwani unaomba Coastguard (walinzi wa pwani), ukiwa mtoni au bwawani unaomba zimamoto.

Nilipomwona mleta mada anaeleza Kendwa nilidhani anaeleza Wales. Huku ni yale maboya ya plastiki ya umbo la bata na la pizza, upepo wa nchi kavu, baba amelala na gazeti. Sasa familia yangu hairuhusu kitu cha kujazwa upepo kifike baharini. Vinabaki bwawani.

Na kwa bamvua, Mfereji wa Bristol maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 12. Nilivyokuja mara ya kwanza nilitaka kutembea kuyafuata yaliyopwa, kama tulivyokuwa tukifuata pweza nyumbani. Mzee mmoja akanizuia kwa mkono. Ni tope linalokushika miguu, na maji yanarudi kabla hujajinasua.

#10 Joshini_na_Demani

Mpemba umenifungulia mlango, maana nilikuwa nimeahidi habari ya maji.

Kwetu Unguja, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Siku za maji mafu ni kidogo zaidi. Bamvua letu lina saa zake: maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Wazee hawakuhitaji simu kwa hili.

Ambalo watu hawalijui ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo sana, ya pili yanaongeza, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, kisha yanapungua tena. Chukua siku ambayo tofauti ni mita 3.6. Katika saa ya kwanza yatapanda kama sentimita 30 tu. Katika saa ya tatu peke yake yatapanda sentimita 90. Sasa fikiria mgeni aliyetembea Jambiani mpaka mwambani maji yamepwa, anapiga picha. Saa ya kwanza anaona maji yamefika kifundoni, anasema bado. Saa ya pili yako magotini. Anapoamua kurudi ndiyo saa ya tatu, na kati yake na ufukwe kuna mabonde ya mchanga yaliyo chini kuliko pale alipo. Njia ya kurudi inazama kabla ya mahali aliposimama. Ukienda mwambani, geuka wakati maji bado yanapwa. Ukisubiri mpaka uone yanarudi umechelewa.

Yakipwa nayo yana shari yake. Maji yote yaliyo ndani ya mwamba lazima yatoke, na yanatokea milangoni, pale mwamba ulipokatika. Mlango unautambua kwa maji kuwa na rangi nzito, na kwamba mawimbi hayavunjiki pale ilhali pande zote mbili yanavunjika. Mtu wa snokeli anauona umetulia, anaukimbilia. Kama kule Kendwa. Ukishikwa na mkondo wa mlango usipambane nao uso kwa uso. Elea, pumua, ogelea kwa ubavu kufuata mwamba mpaka nguvu ipungue, kisha rudi. Kama huwezi, elea na unyanyue mkono mmoja, uupunge. Na tukubaliane humu: ubaoni au majini, mkono mmoja juu ni kuomba msaada. Laiti tungekuwa na makubaliano hayo siku ile.

Kuhusu simu: programu kama Windy ni nzuri, lakini soma namba mbili, ya upepo wa kawaida na ya msukumo wa ghafla. Ile ya pili ndiyo inayokupindua. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa "angalizo" la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, watu husema ni angalizo tu, haijafika tahadhari. Jamani, hizo ngazi zimezingatia na vyombo vyenye injini. Kwa ubao wa mtoto, kilomita 20 kwa saa za upepo unaotoka nchi kavu zimeshatosha.

#11 Muscat_Mtendeni

Nipo Oman. Kusi hilo hilo mnalolisema likivuka ikweta linapinda, likifika Salalah tunaliita kharif. Milima inakuwa kijani, watu wanamiminika kutoka Ghuba nzima, na bahari ya Dhofar inachafuka kiasi cha serikali kukataza kuogelea. Julai 2022 huko Mughsail wimbi liliwachukua watu waliokuwa juu ya mawe tu, wala hawakuwa wanaogelea, walikuwa wamevuka uzio kwa ajili ya picha. Basi mtu wa Unguja akija matembezi Agosti asidhani ni bahari nyingine.

#12 Mzawa_wa_Kilwa

Nimesoma yote. Kaka Joshini, nilijibu kwa haraka, unisamehe. Nina swali la kweli. Nina ngalawa, wageni wananiomba niwatembeze. Majaketi ninayo manne, nilinunua ya mtumba. Nitajuaje kama ni mazima?

#13 Joshini_na_Demani

Hakuna cha kusamehe, ndugu yangu. Swali lako ndilo bora kuliko yote humu.

Yashike moja moja. Bonyeza sponji ya ndani kwa kidole gumba: ikirudi haraka ni nzima, ikibaki na shimo au ikisikika inavunjika kama biskuti, imekufa. Angalia kifungo na mkanda, si kitambaa. Mkanda uliofungwa fundo mahali pa kifungo kilichopotea hauhesabiki. Kisha livae, ingia kwenye maji ya shingo, nyanyua miguu, mwambie mtu avute mabega ya jaketi juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwako. Kwa watoto ndiyo pakali zaidi: jaketi la mtu mzima mtoto anateleza anatoka chini. La mtoto liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Kama huna, usimchukue huyo mtoto, mwambie mzazi ukweli.

Na weka dumu. Dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita kumi na tano. Linabeba kichwa cha mtu mzima juu ya maji, na unaweza kulirusha mbali ukitia maji kidogo ndani ili lipate uzito. Wako wengi waliokufa majini kwa kuruka kumwokoa mwenzao. Rusha dumu. Simu ya dharura Bara na Visiwani ni 112, na zimamoto na uokoaji ni 114.

#14 BinTumbatu

Nami niongeze baridi. Watu wanacheka nikisema baridi Zanzibar. Agosti maji yetu ni nyuzi 25 hivi, Machi yanafika 29. Mtoto mwembamba akikaa kwenye snokeli dakika arubaini za Agosti, akitoka kwenye upepo wa kusi akiwa amelowa, midomo inabadilika rangi na hasikii vidole. Hapo hawezi kushika ngazi ya boti. Taulo, fulana kavu, chai ya tangawizi kwenye chupa. Na Machi kinyume chake: mgongo unaungua juu ya maji hata kukiwa na mawingu. Fulana.

#15 ShangaziWaTemeke

Jamani nimechukua daftari. Na mvua? Masika watoto wanataka kwenda vile vile.

#16 Joshini_na_Demani

Shangazi, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa ya Dar, kaa mbali na fukwe zilizo karibu na midomo ya mito. Maji ya Msimbazi yanabeba kila kitu cha mjini. Ukiona bahari ina rangi ya chai ya maziwa, rudi nyumbani, na usione huruma watoto wakinuna. Na mwisho wa masika, ingawa ni nadra, kimbunga kinaweza kuja: Mei 2024 Hidaya ilipokaribia Mafia hata boti za Dar na Unguja zilisimamishwa.

#17 ShangaziWaTemeke

Basi Jumamosi hii nakuja nao Unguja kwa dada yangu. Mwezi mpevu, nimeangalia. Wanataka kisiwa cha Changuu na ule mchanga wa Nakupenda unaojitokeza maji yakipwa. Niambie saa.

#18 Joshini_na_Demani

Mwezi mpevu maana yake maji yatapwa saa nne, na mchanga wa Nakupenda utakuwa wazi asubuhi. Muwe ndani ya boti saa mbili. Anzeni na mchanga, saa saba muwe mmeshaondoka, maana baada ya hapo unaliwa haraka. Wakati wa kwenda upepo wa tezi (wa nyuma ya chombo) utawapeleka na mtaona raha. Wakati wa kurudi mtaupanda, mtalowana. Usikubali kuondoka na injini moja isiyo na kasia. Na nahodha akisema hapana, ni hapana, hata ukiwa umeshalipa.

#19 ShangaziWaTemeke

Tumerudi jana. Saa mbili nahodha alisimama gatini kama robo saa anatazama kuelekea Chumbe, akasema Changuu nawapeleka, mchangani hapana, leo kuna msukumo. Watoto walilia. Nilimpa pesa yake bila kubishana. Changuu tuliogelea upande uliokingwa, mimi nikiwa upande wa bahari kama ulivyosema, majaketi mabega yamevutwa yote manne. Yule mtoto mdogo wa marehemu alielea chali mpaka nikahesabu hamsini na tatu. Aliniambia, "Shangazi, nasikia moyo."